Kipa Aliyelala Kwetu

Bariadi, Jumatano jioni

Nimefunga goli la ushindi, na nyumbani hakuna aliyenipongeza.

Hawa wapanga ratiba! Vinara wa ligi walifika Jumamosi kucheza nasi Jumapili, ndipo ikaja simu ya maandishi kwamba mechi imesogezwa hadi leo. Nyumba za wageni zimejaa wanunuzi binafsi wa pamba, kwa hiyo tukagawana wachezaji wao majumbani. Mimi nikapewa kipa.

Siku zote hizo mama alimlisha ugali na maziwa ya mgando. Naye alimchotea maji, akamwita “mayu” kama sisi wanawe.

Leo sisi tunaoburuta mkia tumewafunga moja bila. Nilimpiga chenga yeye mwenyewe, dakika za mwisho. Alikaa chini akafunika uso kwa glavu. Nilishindwa hata kushangilia.

Alipokuja kuchukua begi lake, mama alimfungia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Mimi hakuniangalia.

“Mayu, ni mpira tu,” nikamwambia baadaye.

“Najua. Mkienda kwao kurudiana, chakula cha mama yake utakila kwa uso gani?”

Marudiano ni mwezi ujao. Kwa mara ya kwanza, naomba waahirishe.