Bolti Ndefu Mbele, Fupi Nyuma

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Shemeji hajambo? Watoto je, na kifua chako kimepona? Sisi tunaendelea, isipokuwa macho ya Mama. Moja limeshafunga, la pili linaona kivulikivuli. Mimi mwenyewe ni mzima ila nimechoshwa na watu, na wewe ni mmoja wao.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Basi nisome mpaka mwisho.

Siku ya Mama kupasuliwa jicho ilipokaribia, Baba Mdogo aliamua kwamba gari lako lazima ling'ae. Alifungua matairi yote manne, akazitia bolti zote kwenye beseni la kufulia pamoja na mafuta ya taa, akazisugua kwa mswaki moja baada ya nyingine. Wakati wa kuzirudisha akaona kumbe kuna ndefu na kuna fupi. Mtu mwingine angesita. Yeye akazigawa kwa haki, kama anawagawia watoto nyama: kila tairi likapata ndefu na fupi. Nilipohoji, akakupigia simu, nawe ukamjibu, "Fungeni tu, zote zinaingia."

Ni kweli zinaingia. Tatizo ndilo hilo.

Hatukufika hata nusu ya safari. Tairi la nyuma lilianza kulia, kisha likagoma kabisa, na usukani ulikuwa ukitetemeka mikononi mwangu. Mama alikaa kiti cha nyuma amekumbatia mfuko wake wa nguo, akiuliza kama tumefika. Fundi alipotukuta pembeni mwa barabara, hospitali walishamwita mgonjwa mwingine.

Fundi alitueleza bila haraka. Matairi ya mbele uliyaongezea vile vyuma vya mviringo ili yatokeze nje kwa maringo, kwa hiyo yanataka bolti ndefu. Ukiweka fupi, inashika meno mawili matatu tu, na tairi linaweza kuchomoka mkiwa njiani. Nyuma hakuna vyuma hivyo, ndiyo maana bolti ndefu inapitiliza ndani na kukwaruza breki. Kaka, vyuma vile ulivifunga wewe, ukaondoka zako kimya. Ungesema neno moja tu. Mpaka leo inaniuma.

Sasa ndefu zote ziko mbele, fupi zote nyuma. Nimezikaza mwenyewe na fundi amekagua. Baba Mdogo anashikilia kwamba bolti ni bolti, na amenuna.

Hospitali wametupa siku nyingine, mwisho wa mwezi ujao, lakini Mama akagoma. Teksi haitaki, maana gari la mwanawe lipo uani. Na hilo gari hapandi mpaka wewe useme ni zima. Mimi ninayemshika mkono kwenda bafuni kila asubuhi nilisema, nikaapa, nikapandisha sauti. Neno langu halina uzito humu ndani. Nikakupigia wewe, simu ikaita mpaka ikakata.

Juzi jioni nilimpelekea chai chumbani. Akanyoosha mikono, akaniita kwa jina lako. Unajua sauti zetu zilivyo. Nilikuwa nimechoka, Kaka, sikumsahihisha. Nikamwambia gari ni zima. Akashusha pumzi, akasema, "Sasa umesema mwenyewe, nitapanda."

Msalimie Shemeji, na watoto wote, hasa yule mdogo asiyetaka viatu. Baba Mdogo anakusalimu. Alitaka niandike na upande wake, nimemkatalia. Mama hakutumi salamu, kwa kuwa anaamini umesharudi na kwamba kutwa uko kazini.

Mungu akutangulie njiani, maana lazima uje. Siku atakapofunguliwa bandeji atakuwa ananiona vizuri, na sitaweza tena kuwa wewe.

Akupendaye pamoja na hasira zake,
Mdogo wako.