Siku Uliyoiombea Hagisi

Baba yangu mpendwa,

Juzi nikingoja basi pale Thornton Heath, huku ughaibuni, watoto wa shule yangu ya zamani ya msingi walipita wawili wawili, wasichana kwa wavulana, wote wamevaa sketi za drafti. Nikajua ni ile siku ya mshairi wa taifa la Uskoti. Nililiacha basi liende. Nilitaka kukusimulia, nawe hupo, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mwaka wangu wa mwisho pale? Mwalimu wetu, aliyetoka Uskoti, alisema kila mtoto aje na vazi la drafti kama la kwao. Mama hakulipata, akanifunga shuka ya Kimaasai kiunoni kwa pini mbili. Nikalia mlangoni. Wewe ulikuwa umetoka tu kazini kuwatunza wazee, macho mekundu, ukasema, "Twende, mama. Hao Waskoti watakuuliza umenunua wapi." Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako.

Ukumbini ninyi wazazi mliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Darasa letu lilipangwa karibu nanyi. Mzee mmoja akaingia akipuliza zumari lenye mfuko, nyuma yake mpishi na hagisi kwenye sinia, na watu wote wakasimama. Ulipoliona lile tumbo la kondoo lililoshindiliwa maini, moyo na mapafu, ulininong'oneza kwa sauti iliyofika hadi ukutani, "Si hii ni mutura yetu ya nyumbani Murang'a! Kumbe huku inapigiwa muziki!"

Kisha zumari likanyamaza. Mwalimu alikuwa akipekua karatasi zake. Wewe ukadhani wanangoja mzazi mmoja aombe, kama ifanyikavyo kwetu. Ukavua kofia, ukafumba macho, ukaomba kwa Kiswahili. Ukashukuru kwa ajili ya kondoo, kwa ajili ya mpishi, kwa ajili ya mshairi ambaye hukuwahi kumsoma, na kwa watoto wote wanaokulia mbali na kwa nyanya zao. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini uliposema amina, ukumbi mzima uliitikia. Mwalimu akapangusa macho, akasema kwao pia huanza kwa dua, na ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Tulipokariri shairi la huyo mshairi, mimi nilisimama nyuma nikichezesha midomo tu. Hukunisema. Kwenye basi nikakuuliza kama hukuogopa.

"Niliogopa sana. Lakini chakula kimeletwa, watu wamesimama, hakuna anayesema kitu. Sasa tungesimama mpaka lini?"

Jumamosi ni ibada ya kukukumbuka, mwaka mmoja tangu utuache. Mama ameniomba niseme kwa niaba yetu watoto, tena kwa Kiswahili, maana nyanya atasikiliza kwa simu. Siku ya mazishi nilishindwa, pasta akasoma badala yangu. Alisoma vizuri, lakini alikujua wa kanisani tu. Wenzako watasema ulivyokuwa kazini. Nikinyamaza tena, hakuna atakayesema ulivyokuwa nyumbani, na mama yako atakata simu bila kukusikia.

Nimeogopa wiki nzima. Unajua Kiswahili changu, nakisikia kuliko ninavyokisema. Shule nimemaliza, na bado nikiulizwa jina langu dukani natazama chini. Jana jioni nilifunga mlango wa chumba, nikaanza: "Mimi ni mtoto wa kwanza wa..." Nikakwama kwenye jina lako. Nikaanza upya, nikakwama tena. Halafu likatoka, na mengine yakalifuata.

Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nikasikia amefunga maji. Nikajua anasikiliza.

Nikaongeza sauti.

Pumzika, Baba.

Kifungua mimba wako