Kiti cha Nyuma cha Horch

Ingolstadt, 9 Aprili 1961

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha Februari kimeshakuacha. Sisi huku hatujambo. Kreszenz anakusalimu sana. Tumbo limekuwa kubwa, na daktari anasema tutarajie mtoto mwezi wa Juni. Kila jioni ananiuliza kama mkwewe amejibu, nami namwambia posta ya Zwickau haijawahi kuwa na haraka.

Kiwandani kazi ni nyingi. Nusu ya watu katika karakana yetu ni wa kwetu Saksonia, ukifumba macho utadhani hujatoka Zwickau, mpaka Mbavaria mmoja afungue mdomo. Wao wanatucheka eti tunameza maneno, sisi tunawaambia heri kuyameza kuliko kuyatafuna kama wao. Pete nne zile zile unazozijua ndizo tunazobandika mbele ya magari, ila magari yenyewe ni madogo, ya silinda tatu, ya mwalimu na muuza mikate. Wazee waliokuja hapa baada ya vita na kuanza upya kwa bohari la vipuri bado wanajiita "sisi wa Horch", wakati hakuna Horch hata moja, yale magari ya kifahari ya kwetu, iliyowahi kutoka hapa.

Baba, niseme waziwazi. Njoo. Chumba chako kiko tayari, dirisha linatazama bustani. Tangu Mama afariki uko peke yako katika nyumba ile, na moyo wangu hautulii. Panda treni hadi Berlin, ushuke, upande treni ya mjini, uvuke uje upande wa Magharibi. Watu wanavuka kila siku. Lakini hakuna anayejua wataachwa wavuke mpaka lini, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nimekutumia kahawa na chokoleti. Kahawa unywe wewe, usigawe jengo zima.

Mwanao,
Siegmar


Zwickau, 23 Aprili 1961

Mwanangu Siegmar,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi kimekwenda kumtafuta mtu mwingine. Kahawa imefika, na jengo zima limenusa. Msalimu Kreszenz, mwambie asinyanyue ndoo za maji, hata kama mama yake alinyanyua.

Sasa wewe, andika kama mtu anayejua kwamba barua hupita mikono mingi kabla ya kufika. Habari za treni usiniandikie tena.

Kuja kuwatembelea nitakuja, lakini si sasa. Nina kazi. Unamkumbuka Bi. Löbner, mjane wa daktari, kule Planitz? Ile Horch ya marehemu bado iko bandani, ya mwaka thelathini na saba, yenye paa la kukunja. Wakati wa vita waliifukia chini ya majani makavu, na vita vilipokwisha wakaiacha huko huko, maana kila aliyevaa kofia ya kijeshi aliitaka. Panya wakaingia kwenye viti wakafanya harusi zao humo. Sasa mama yule anataka kukaa ndani ya gari lake kwa starehe kabla hajafa, hata kama halitatoka bandani. Na viti vile nilivishona mimi, mwaka ule ule. Unataka amwite nani?

Ninyi vijana mnadhani uzuri wa gari ni mbio. Mzee Horch alipohamia hapa Zwickau mwaka 1904, alisema anataka kutengeneza magari imara na mazuri tu, basi. Akaja akagombana na wakubwa wenzake, akatoka kwa hasira, akafungua kiwanda kingine mji huu huu na kukiita Audi. Ugomvi wa mtu mmoja ukatupa viwanda viwili! Ndipo ikaja miaka ya dhiki, kampuni nne zikalazimika kushikana mikono, na ndizo hizo pete unazobandika wewe. Lakini katika zile nne, Horch ndiyo iliyokaa kiti cha mbele. Injini yake ya silinda nane ikiwaka ilikubidi uweke kiganja juu ya boneti ndipo ujue kama inawaka. Ngozi tuliichagua asubuhi tu, mwanga ukiwa mweupe, na ngozi ya ng'ombe aliyekwaruzwa na seng'enge haikuingia mlangoni. Mshono wa begani mwa kiti ukionekana, msimamizi aliufumua mbele ya watu wote, ukaanza upya. Mtu alikaa ndani ya gari lile akanyamaza mwenyewe. Nimewaona matajiri wakinyamaza, nimeona na mfagiaji akinyamaza, siku tulipomruhusu akae.

Halafu vita vikaisha, mashine zetu zikafungwa kwenye mabehewa zikasafiri mashariki, unajua. Siku hizi navisha viti kwa kitambaa, na bodi ya gari ni pamba na gundi. Si gari baya, linamfikisha mtu. Ila vidole vyangu vinasahau, na naogopa kuvizika kabla yangu.

Viti vya mbele nimemaliza. Cha nyuma bado. Sijawahi kuacha kiti nusu, nawe unajua. Nitafutie uzi wa kitani uliotiwa nta, mweusi, mnene, maana huku haupatikani.

Ni mimi baba yako,
Oswin


Ingolstadt, 20 Juni 1961

Baba mpenzi,

Shikamoo, Babu! Umesikia? Babu! Mtoto wa kiume, alizaliwa Jumapili, mama yake mzima, naye ana sauti ya honi. Tumemwita Korbinian. Najua utacheka. Ni jina la mtakatifu wa huku, wakwe wamelishikilia kama mtu anavyoshikilia mkoba sokoni, na atabatizwa Kikatoliki, si Kilutheri kama sisi, kwa hiyo mwombee. Lakini kichwani ana nywele nyekundu kabisa, Baba, nyekundu za Mama. Nilipoziona nilitoka nje nikalia ukutani. Hapa hakuna anayeelewa maana yake ila mimi, na huko ila wewe.

Uzi nimekutumia, mabonge sita. Duka zima waliniuliza nashona nini, nikasema baba yangu anamshonea mwanamke mmoja. Kreszenz hakucheka.

Najua umenikataza, lakini sitanyamaza. Juzi kiongozi wenu amesema mbele ya waandishi wa habari kwamba hakuna mtu mwenye nia ya kujenga ukuta. Nani alikuwa amemuuliza habari za ukuta? Kiwandani watu wa kwetu hawazungumzi jambo jingine. Mwenzangu mmoja amemtoa mama yake wiki iliyopita, mwingine wazazi wote wawili. Kila Jumatatu mtu anakuja anasema wangu wamefika. Mimi nasema wangu anashona.

Acha kiti hicho. Bi. Löbner atakuelewa. Njoo umwone mjukuu wako angali mdogo.

Mwanao,
Siegmar


Zwickau, 24 Julai 1961

Siegmar,

Barua yako imefika. Hongera kwa kupata mtoto.

Nimefikiri sana na nimeona mahali pangu ni hapa. Nina kazi yangu, nina nyumba, nina heshima. Msimamizi wetu, bwana Pätzold, ni mtu mwema sana, hunijia mwenyewe na kuniuliza habari za familia. Huko kwenu mimi ni mzee wa miaka sitini na moja asiyejua mtu. Sitakuja, hata kuwatembelea.

Usinitumie uzi tena. Kiti cha nyuma kitanichukua hadi Krismasi, pengine hadi Pasaka. Na mambo ya safari usiniandikie.

Nawatakia afya njema.

Oswin Unger


Ingolstadt, 30 Julai 1961

Baba,

Shikamoo, kama bado unaitaka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliponiandikia mimi. Hata jina la mtoto hukulitaja. Umeweka sahihi kama mtu anayeandikia ofisi ya ardhi. Kreszenz aliniuliza baba anasemaje, nikamwambia anasema yu mzima. Nimeona haya kumsomea.

Basi umechagua kiti. Kikalie. Maisha yangu yote nimekuona mgongo tu, umeinamia ngozi ya gari la mtu mwingine. Mama alikufa akiuliza kama umetoka karakana. Nilikuwa nimemshika mkono, nikamdanganya kwamba uko njiani, nawe ulikuwa unamalizia mshono. Sijawahi kukwambia. Sasa nakwambia. Yeye alikungoja, mimi sikungoji tena.

Korbinian atakuwa na babu mmoja, yule wa kwa mama yake. Analima hopi za kutengenezea bia na hana ufundi wowote, lakini kila Jumapili anakuja.

Siegmar


Ingolstadt, Jumapili, 13 Agosti 1961

Baba, Baba yangu,

Tumetoka kanisani tukakuta majirani wamesimama madirishani, redio zimefunguliwa nyumba zote. Wamefunga. Usiku wamezungushia Berlin Magharibi seng'enge, treni za mjini zimekatwa, askari wamejipanga barabarani. Wanasema watu wamefika stesheni na mizigo yao wakarudishwa.

Sijui kama posta bado inavuka. Naandika tu kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu. Yale niliyokuandikia mara ya mwisho yafute. Hasa ya Mama. Usiyasome tena, yachome motoni. Shona kiti chako, Baba, shona vizuri, ule vizuri, ukae. Nitakutumia uzi kila mwezi. Niandikie neno moja tu kwamba umenisamehe.

Mwanao, mwanao,
Siegmar


Kambi ya wakimbizi, Marienfelde, Berlin Magharibi
14 Agosti 1961

Mwanangu mpenzi Siegmar,

Usishtuke ukiona mahali nilipo. Mimi mzima. Hamjambo? Kreszenz hajambo? Korbinian, mjukuu wangu, hajambo? Nimelitamka jina hilo kwa sauti hapa kambini, na kwa kweli linachekesha.

Nilivuka Jumamosi jioni. Foleni ya simu hapa haina mwisho na ya telegramu vilevile, kwa hiyo naandika.

Barua yangu ya Julai sikukuandikia wewe. Nilimwandikia yule anayezifungua. Siku chache kabla yake, Pätzold alinijia kazini, akaegemea meza yangu akitabasamu. "Hongera, Babu Unger," akasema. "Nasikia mjukuu ana nywele nyekundu kama marehemu bibi yake." Siegmar, nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Bi. Löbner. Niliificha habari ile kama peremende, nikiogopa wakiigusa itakwisha utamu. Akaongeza, "Na chumba chenye dirisha la bustani, mzee! Wengine wana bahati." Akanipiga begani akaenda zake. Nilishika mkasi nikaurudisha mezani.

Nikajua nikisema nakuja, sifiki hata Leipzig. Nikajua pia kwamba ukipata barua laini utaisoma kwa furaha na kujibu kwa furaha, nami nitakwisha. Ilibidi uamini. Nilipoandika jina langu kamili pale chini nilijisikia kama nakufukuza nyumbani.

Likizo ya kiwanda ilipoanza nikahamia Planitz, nikawa nalala chumba cha juu kwa Bi. Löbner, ili wote waone mzee anashona. Nyumbani sikukanyaga tena. Na nilishona kweli, nilitaka nimalize kabla sijaondoka, si unanijua. Ijumaa watu sokoni walikuwa wananong'ona tu, nani ameondoka, nani kesho. Nikaona kiti kile kinanitaka wiki mbili zaidi, na wiki mbili sina. Bi. Löbner akaniletea kahawa bandani. "Tuonane kesho basi, fundi," akasema. Nikamjibu, "Kesho, mama." Sikumwambia, ili wakimuuliza awe hajui. Sindano nimeiacha imechomekwa kwenye mshono. Atadhani nimekwenda chooni.

Jumamosi nikapanda treni bila sanduku. Nilibeba keki ya plamu kwenye sinia, imefunikwa kitambaa, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe. Nje ya Berlin wakapanda polisi, wakawashusha mtu na mkewe waliokaa mbele yangu kwa sababu ya mabegi. Mimi wakaniuliza naenda wapi. Nikasema ni siku ya kuzaliwa ya dada yangu Pankow, upande wetu wa Berlin. Kijana yule akafunua kitambaa, akatazama keki, akanitazama mimi. "Mpe hongera," akasema. Suruali yangu ilikuwa imelowa jasho mpaka kwenye kiti.

Berlin nikapanda treni ya mjini kama ulivyoniandikia, nikavuka. Keki tumeila hapa kambini na watu nisiowajua. Jana asubuhi tulipoamka tukaambiwa nyuma yetu pamefungwa. Mama mmoja alikuwa amemwachia jirani mtoto wake kwa siku moja tu. Sijui nikueleze vipi sauti yake.

Wameniuliza kazi yangu, nikasema fundi wa viti, wa Horch. Karani hakuijua Horch, akaniomba nimtajie herufi. Wanasema tutapelekwa Ujerumani Magharibi kwa ndege. Sijawahi kupanda ndege, naiogopa kuliko Pätzold.

Jambo moja linanikera. Sanduku la barua nyumbani sikulifungua tangu nilipohama. Uliniandikia baada ya ile ya Julai? Kama uliandika, sikuipata, na sasa wataisoma wao. Ulisema nini, mwanangu? Ulikasirika sana?

Baba yako,
Oswin


Ingolstadt, 17 Agosti 1961

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimeanza kusoma barua yako nimesimama mlangoni nikaimaliza nimekaa sakafuni, Kreszenz akadhani nimepata msiba. Sisi sote wazima. Mtoto amepata mafua kidogo lakini ananyonya vizuri. Kitanda chako kimetandikwa. Tujulishe tu ndege inatua mji gani, nitakuwa hapo kabla yako.

Na umeniuliza kama niliandika baada ya Julai. Hapana, Baba, sikuandika. Kazi ilikuwa nyingi.

Mwanao,
Siegmar