Gitaa Lako Halikusikika Redioni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, ila amenuna, na mama akinuna hata masufuria yanajua. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na namba ya rafiki yako Tarumbeta umeifunga kabisa.

Kwanza acha nitoe nyongo yangu. Unajua kuchanganya sauti za wimbo wa kundi lenu lile la muziki ni adhabu gani? Mpiga besi alisema besi haisikiki, nikaipandisha. Mpiga ngoma akalalamika kwamba besi imemfunika, nikampandisha naye. Mpiga kinanda akauliza kama yeye ni mtoto wa kambo. Wimbo ukawa kama chumba ambamo kila mtu anapiga kelele ili asikilizwe. Nikawaeleza mpaka koo likakauka kwamba sauti moja ikitakiwa isikike, nyingine lazima zipungue. Wakakubali wote, kisha kila mmoja akanivuta pembeni kuniomba nimpunguze mwenzake!

Tarumbeta ndiye aliyenimaliza. Huyo rafiki yako wa tangu utotoni alikuja studio kila asubuhi kabla sijavua koti, akakaa kwenye kiti changu, akarudia ombi lile lile. Nilifika mahali nikisikia hatua zake ngazini, kichwa kinauma.

Wimbo ukatoka. Mama ameniambia ulivyowaita mafundi wenzako wote wasogee kwenye redio ya karakana wakusikie, na gitaa ulilorekodi kabla hujahama halikuwemo hata chembe. Najua ulivyoaibika. Ukamwandikia Tarumbeta kwamba amekufuta kwa sababu ulihama, na kwamba urafiki umekwisha. Mama naye alisikiliza redio yake ya jikoni, akaamini hivyo hivyo. Juzi Tarumbeta alikuja kumjulia hali, akaachwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa machungwa.

Kaka, aliyekufuta ni mimi.

Ombi la Tarumbeta lilikuwa gitaa lako. Wenzake wote walitaka wao wapande. Yeye alisema sauti yake nishushe nipendavyo, mradi gitaa lako lijae. Siku ya mwisho nilichoka, nikatafuta njia ya mkato. Nilitoa nakala mbili za gitaa, moja nikaiweka kushoto na nyingine kulia, na ya kulia nikayageuza mawimbi yake juu chini. Kwenye hedifoni likatanuka vizuri ajabu, Tarumbeta akanikumbatia. Lakini redio ya spika moja huziunganisha nakala hizo, na zikikutana zinafutana. Ningejaribu kwenye spika moja kwa dakika tatu tu ningegundua. Sikujaribu. Nimelijua kosa hilo wiki tatu sasa, na nimenyamaza nikiona aibu huku mwenzangu akibeba lawama.

Jana nilimweleza Tarumbeta kila kitu, nikisubiri anirukie. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama sasa utapokea simu yake.

Nimeshatengeneza upya na kupeleka redioni. Mama nitamwambia leo, Mungu anisaidie. Wewe mfungulie namba mwenzako leo hii, umpigie wewe. Mimi nitukane baadaye, nipo.

Wasalimie hapo karakana, ukiweza kuwatazama usoni.

Ni mimi mdogo wako,
fundi mitambo asiyejaribu spika moja