Nambeye, Hata Nakonde Wamekusikia

Baba Atupele,

Nimekalia kigoda, benchi lako la useremala nimeligeuza meza ya kuandikia. Alama za msumeno wako zinanisumbua chini ya karatasi, kalamu inaruka, kwa hiyo ukiona mwandiko mbaya usiseme ni uzee.

Sijui kama huko mliko habari zinafika. Kama zinafika, basi umeshasikia na unanisubiri. Kama hazifiki, ngoja nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine. Nimeharibu. Ni mdomo wangu, mume wangu. Ule ule.

Lakini nianze na zuri, maana nikianza na baya sitafika mwisho. Atupele yuko Japani. Ndiyo, Atupele wetu, niliyempalilia kahawa za watu nikiwa nimembeba mgongoni. Nchi ile inawaita walimu wakuu kutoka nchi nyingi, wanakaa miezi mitatu wakijifunza kuongoza shule, wanazungushwa shule za huko waone kwa macho. Jina lake lilipotoka, wewe ulikuwa hata mwaka hujamaliza tangu tukuzike. Nilikuja mpaka kaburini Isansa kukuambia. Nikakuta watu wanapita njiani wakitoka shambani, nikawaambia na wao.

Mimi niliyeishia darasa la saba nina mtoto anayekaa nchi ambako, sisi tukila chakula cha mchana, wao wameshawasha taa za jioni. Acha nijisifu kidogo. Nitalipia mbele.

Unakumbuka siku matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka? Nilisimama nje ya kibanda changu cha vitenge pale karibu na mpaka, nikawatangazia wateja wa Zambia, wale wanaoniita bamayo, yaani mama, nikawatangazia na madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni. Wewe ukatoka karakana na vumbi la mbao kwenye nyusi, ukaniita kwa jina la ukoo wangu kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka nitulie: "Nambeye, punguza sauti, hata Nakonde wamekusikia." Nikakujibu kwamba hata ng'ambo ya mpaka wana masikio, wasikie. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Sasa hakuna wa kuniambia nipunguze. Karakana imekaa kimya. Foleni ya malori ndiyo hiyo hiyo, kelele ndizo hizo hizo, ila nikipaza sauti hakuna anayetoka na vumbi usoni. Ndipo nikaenda kwenye harusi.

Ilikuwa harusi ya mtoto wa mdogo wako, huko huko Isansa. Nilivaa vizuri, sikudanganyi. Tumekaa akina mama tunakula, mmoja ambaye mwanae anasoma shuleni kwa Atupele akaniuliza, kwa upendo kabisa, kama mwalimu akirudi atarudi kwao. Jibu lilikuwa moja tu. Atupele alishaniambia mwenyewe, anarudi pale pale, ana hamu ya kurudi. Lakini nilivyoona wote wamegeuka kunitazama, kitu kikanipanda. Nikasema: "Mtu ametoka Japani, arudi kwenye vumbi la Isansa kufanya nini? Huyo mkoani wanamsubiri."

Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilitunga pale pale, nikiwa na sahani ya pilau mkononi, na neno likanoga. Wakapiga vigelegele. Nikarudi Tunduma nimenona kwa furaha.

Wiki mbili hazijaisha, shemeji akapiga simu. Akasema shuleni uji umekatika.

Unaujua uji ule. Ndio uliomfanya Atupele aheshimike. Alipopewa ukuu wa shule alikuta watoto wanasinzia saa nne, akaenda nyumba kwa nyumba mpaka kila mzazi akakubali kutoa debe la mahindi. Wewe ukachonga mwiko mrefu kama kasia, ukachonga na kiti cha ofisini kwake, cha mninga, kazi yako ya mwisho kabla kifua hakijakulaza. Sasa shemeji ananiambia wazazi wamegoma kupeleka mahindi. Wanasema mwalimu mkuu ameshatuaga kimoyomoyo, ametudharau, tumbebee mahindi mtu anayetuita vumbi? Tena kamati ya shule imemwomba Afisa Elimu Kata awaletee mkuu mwingine mapema, kabla darasa la saba hawajafanya mtihani. Na jina lililoandikwa ni la Mwalimu Osea, huyo huyo aliyeachiwa kukaimu.

Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza halikuwa mdomo wangu. Lilikuwa Mwalimu Osea. Nikasema huyo ndiye amepanda maneno ili amkalie mwanangu kiti. Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikapanda gari mpaka Mlowo, nikachukua bodaboda. Njia nzima nafanya mazoezi ya nitakachomwambia. Dereva wa boda akaniuliza kama naongea naye.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nikakuta kiti chako kimesogezwa ukutani, kimefunikwa kitenge safi. Mwalimu Osea amekaa kwenye benchi la darasani, magoti yamegusa meza, anasahihisha madaftari. Nikauliza kile kiti kimefanyaje. Akasimama, akaniamkia, akasema vumbi la kiangazi ni kali, kikiachwa wazi mwenyewe atakikuta kimepauka.

Yote niliyoyapanga njiani yakaniishia. Akanivutia benchi nikae. Halafu akasema, taratibu kabisa: "Mama, mimi sikuomba kuandikwa jina. Wazazi wanasema habari wamezitoa kwako."

Baba Atupele, nilikaa pale kama mtoto aliyekojoa darasani. Nje kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakatoka, lakini hawakukimbilia jikoni. Nikaenda mimi. Sufuria limefunikwa kifudifudi, mafiga yana majivu ya siku nyingi, mwiko wako umening'inia mkavu, umeanza kupasuka kwenye ncha.

Na hapo ndipo pananiuma kuliko pote. Siku chache kabla, Atupele alikuwa amenipigia, amefurahi mpaka maneno yanagongana. Akanisimulia kwamba shule za kule watoto wanakula pamoja darasani, lakini chakula hakigawiwi mpaka mwalimu mkuu amekula kwanza, peke yake. Mimi nikasema huo si ulafi? Akacheka. Akasema hapana mama, anaonja. Kama kina ubaya, umpate yeye kabla ya watoto. Akasema akirudi na yeye atafanya hivyo kwenye uji, kila siku, mbele yao. Akaniuliza uji unaendeleaje. Nikamjibu unaendelea vizuri. Nilikuwa sijui, nilisema tu. Na baada ya kujua, akapiga tena, akauliza tena, nikasema tena vizuri.

Nilienda kwa Afisa Elimu Kata. Ni binti wa rika la Atupele, anasikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwambia nilidanganya. Akashusha pumzi, akasema barua ya kamati ameshaipeleka halmashauri. Ataandika nyingine, ila yeye hawezi kuyafuta maneno ya wazazi kwa niaba yao. Wazazi wenyewe wayaondoe. Akaniuliza kama niko tayari kusimama mbele yao. Nikasema niko tayari. Sikuwa tayari.

Wazazi wakaitwa, wakajaa darasa la sita. Nimesimama harusini, nimesimama kanisani, nimesimama sokoni, lakini siku ile sikuwa na la kujisifia. Nikawaambia hakuna aliyeniambia kwamba Atupele anapelekwa mkoani. Nikawaambia neno la vumbi ni langu, si lake, na mimi nimezaa, nimelima na nimezika humo humo kwenye vumbi lao. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo mkoani hawamsubiri?" Nikasema mkoani hata hawamjui. Wakacheka. Yule mama wa harusini akasema, "Ungesema hivyo siku ile tungekupunguzia pilau." Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Sikuwaomba mahindi. Niliogopa kuomba. Nilishusha tu debe langu nililokuja nalo, nikaliweka mlangoni, nikaondoka. Siku ya tatu Mwalimu Osea akanitumia ujumbe kwamba uji umepikwa.

Ikabaki Atupele. Nilizunguka na simu siku mbili. Nikasema nisubiri arudi, nitamwambia ana kwa ana, huku ni kumharibia masomo. Halafu nikakumbuka yule mwalimu mkuu wa Japani na sahani yake. Ubaya huu niliupika mimi, nikautia pilipili, na nilikuwa nataka auonje mtoto kwanza, ashuke kwenye gari na mizigo yake akutane nao mdomoni mwa watu. Nikapiga.

Nilimwambia yote. Harusi, uji, barua, na zile "vizuri" zangu. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, "Uji umerudi?" Nikasema umerudi. Akasema, "Kuna wenzangu walinitumia pongezi za mkoani, nikadhani wananitania." Kisha akasema, "Basi, mama. Mengine nitayakuta."

Akakata. Hakuniambia nilale salama. Tangu hapo ananiandikia meseji fupi fupi, nimefika, nimekula, nipo darasani. Wewe ulikuwa unajua kumsoma huyu mtoto akinyamaza. Mimi sijui. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea tu.

Halmashauri haijajibu. Kamati imeandika kwamba imemrudisha moyoni, Mwalimu Osea naye ameandika kwamba hataki. Lakini karatasi ikishaingia ofisi kubwa, nani anajua iko chini ya ngapi? Simu ikiita napima kitenge vibaya. Jana nimemkatia mteja yadi pungufu, akaniambia bamayo unaumwa? Na Atupele anafika Alhamisi. Inawezekana atashuka stendi akiwa mwalimu mkuu, na inawezekana atashuka bila shule, baada ya kwenda mbali kote kule kujifunza kuiongoza. Kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema nikitafuna.

Nilipita kaburini kwako nilipotoka kwenye kile kikao. Kulikuwa na watu wanapita njiani wakitoka kuchuma kahawa. Sikuwaambia kitu. Ungenishangaa. Niling'oa majani, nikakaa, nikaondoka.

Sasa sikiliza ahadi yangu, mume wangu, maana huna tena namna ya kutoka karakana kunizuia. Alhamisi nitakuwa stendi. Nitampokea begi, sitamsemea. Wakiniuliza amerudi kuwa nani, nitasema amerudi kazini. Nitaishia hapo, hata ulimi uniwashe. Na kama kazi yenyewe itakuwa imeondoka, nitakwenda naye ofisi hadi ofisi, nitasimama mlango hadi mlango, nitasema ni mimi. Nikifika shuleni nitautia mwiko wako mafuta, ufa usiendelee. Kiti sitakigusa. Atakifunua mwenyewe.

Pumzika, Baba Atupele. Wewe ndiye mtu pekee aliyenicheka bila kunidharau.

Ila hili moja nikuambie wewe, maana wewe huwezi kulipeleka popote. Siku ya kufunga mafunzo, kati ya walimu wakuu wa nchi zote zile, walimchagua Atupele asimame atoe neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Ametuma picha, bila maneno. Amevaa kile kitenge cha bluu nilichomchagulia mimi.

Nimelisema kwa sauti ndogo. Nakonde hawajasikia.

Nambeye wako