Njia Isiyopita kwa Mkamwana

Ijumaa, 1 Julai 1994

Tukuyu. Miaka arobaini na miwili tangu niondoke. Niliondoka kijana wa kwenda migodini Kitwe, Zambia, nikaishia kiwanda cha uchapaji, kusahihisha maandishi ya watu wengine mpaka pensheni. Nimekuja na kofia, miwani na goti la kulia lisilopenda miteremko.

Baridi! Nilikuwa nimeisahau. Ukungu unaingia chumbani kama mwenye nyumba.

Nimepanga hapa Bulyaga, kwa Bi Mwanajuma. Kwetu ni Kawetele, si mbali, lakini kulala huko siwezi. Kwenye nyumba ya marehemu kaka anaishi mwanawe Prosper, na mke wa Prosper, Tusekile, ni mkamwana wangu. Mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na akimwona njiani anaingia migombani. Prosper alinipokea stendi akanisindikiza hadi kwenye kitanda cha kupanga, kichwa chini, kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga desturi. Nikamwambia: mwanangu, mimi nimekulia humo.

Treni yangu ya kurudi ni Jumamosi ya tarehe 23. Elina, binti yangu, atanipokea Kapiri, mwisho wa reli.

Jumatatu, 4 Julai

Bi Mwanajuma amenipa kazi! Babu yake alikuja huku na bidhaa kutoka Lindi. Yeye mwenyewe bahari hajaiona na haitamani. Mumewe alipofariki akaigeuza nyumba kuwa gesti. Siku hizi kila mtu ana biashara – mitumba, mabasi, soda za kopo – basi na yeye. Shida yake ni kwamba wageni wanalala usiku mmoja wanakwenda zao Malawi. Anataka walale zaidi.

Akasema, "Mzee Lukasi, umesoma, Kiingereza unakijua, na mchana kutwa umekaa hapo unatazama mvua. Nipangie matembezi. Watu watembee kwa miguu, wale vizuri, waonje kinywaji cha hapa."

Kinywaji gani? Akageuza uso. Hakijui, anakisikia tu. Na kisivuke kizingiti chake.

Mwenzangu atakuwa kaka yake, Hashimu, fundi cherehani. Hanywi, lakini anawashonea wapika pombe wote wa wilaya hii. Anajua nani anapika lini, na nani anaongeza maji.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba

Matembezi ya kwanza, ya majaribio. Gari mpaka Kiwira, kisha miguu hadi Daraja la Mungu. Utotoni niliogopa kulikanyaga. Leo nimesimama juu yake, mto unanguruma chini ya mwamba, nikajikuta nacheka peke yangu. Goti limevumilia.

Chakula: ndizi za kuchemsha na maziwa mgando, kwenye nyumba ya mama mmoja anayedaiwa na Hashimu pesa za gauni. Maziwa mazito, kijiko kinasimama. Kisha kimpumu. Ulezi uliochacha chunguni, maji ya moto yanamiminwa juu yake, kila mtu na mrija wake. Joto linashuka mpaka kwenye soksi! Hashimu kando na chupa yake ya chai, ananitazama kama daktari.

Njiani kurudi akaanza: kile kimpumu ni cha kawaida tu. Bora kuliko vyote kinapikwa Kawetele, kwa Mama Tulia.

Mama Tulia ni Tusekile.

"Mkweo! Masikini, Mzee Zambia! Umekuja kote huko, na chungu kizuri kuliko vyote ndicho usichoweza kukikaribia!"

Lakini Jumamosi iliyopita Prosper aliniletea kibuyu cha maziwa, na ndizi zilizofungwa kwenye jani. Nilidhani amenunua; kumbe ni vya Tusekile.

Jumanne, 12 Julai

Njia ya pili tayari. Ya tatu inanitesa. Mashamba ya chai, chemchemi, mahali Mlima Rungwe unapoonekana wote – kila kizuri kimepangwa pembeni mwa ua wa Tusekile. Nachora, nafuta. Nimeizungusha njia mpaka imekuwa safari ya siku mbili. Hashimu ameitazama ramani akauliza kama wageni nao wanamkwepa mtu.

Jioni Prosper. Akasema kanisani wengi wameshaacha mambo haya. Amwambie Tusekile aache? Nikauliza: Tusekile mwenyewe anasemaje? Hajamuuliza! Nikamkataza.

Elina amepiga simu duka la jirani. Anauliza baridi, kifua, na kama tiketi ninayo.

Jumamosi, 16 Julai

Niandike kabla haijapoa.

Wageni wa kwanza: Wazungu wawili, mume na mke, walimu. Hali ya hewa nzuri asubuhi, tukachukua njia ya tatu, ile ya kuzunguka. Kufika kwenye chai – ukungu. Ukungu wa kutoona kiatu chako. Hashimu akasema kushoto. Mimi, mwenyeji, niliyezaliwa hapa, nikasema kulia. Nikatangulia kwa kujiamini kabisa.

Nikatokea uani kwa Tusekile. Yeye amesimama na ungo mkononi. Uso kwa uso!

Ungo chini, khanga kichwani, akatoweka migombani. Kuku nao. Mama Mzungu akashtuka, akauliza wamemkosea nini. Nikamweleza: si nyinyi, ni mimi. Yule ni mke wa mwanangu, ndivyo anavyoniheshimu. Akafikiri kidogo, akasema angependa sana kumheshimu mama mkwe wake kwa namna hiyo. Mumewe hakucheka.

Nikageuka tuondoke. Sauti ikatoka migombani, kwa Kinyakyusa, kali:

"Fundi! Wageni wanaondokaje bila kula? Maji yamechemka, yako jikoni. Mimina kwenye chungu. Taratibu! Hilo si beseni la kufulia!"

Hashimu akajibu, "Mama Tulia, mimi Mwislamu. Unanitafutia moto."

"Kumimina si kunywa!"

Basi akamimina. Akatoa mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama, laini kama usingizi wa asubuhi, huku migomba inamwamuru: bakuli si hilo, lile kubwa, mpe mama wa Kizungu kigoda, asikae kwenye kinu. Hashimu anakimbia huku na huku, tepu ya kupimia shingoni. Tukala. Tukanywa. Ni kweli, hakuna kimpumu kama hicho! Mume wa Kizungu aliimba.

Kisha sauti, chini zaidi: "Fundi, muulize aliyekaa karibu na chungu. Ndizi zimeiva?"

"Anasema zimeiva sana."

"Muulize kwa nini anaondoka."

Hashimu akanigeukia. "Mzee, unaulizwa."

Nikasema nina tiketi.

"Anasema ana tiketi."

Matone ya ukungu kwenye majani.

"Mwambie, kisimani wanasema mzee wa watu anarudi ugenini kwa sababu mkamwana anamkimbia. Mwambie simkimbii. Kama nisingemtaka, ningesimama nikamtazama machoni kama mpita njia. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Hashimu hakuwa na haja ya kuniambia. Nikauweka mrija chini.

Nikajibu kwa sauti, nikiutazama mlango wa jiko, si migomba: ndaga, yaani ahsante. Neno moja tu nililopata.

Jumapili, 17 Julai

Kanisani, nimekaa nyuma. Sikusikia mahubiri.

Namfikiria marehemu mke wangu, Tupokigwe. Alipoolewa alimkimbia baba yangu hivi hivi. Mara moja alijificha nyuma ya ng'ombe – ng'ombe akaondoka. Alinisimulia hiyo Kitwe kwa miaka yote, tukicheka kitandani. Kule hakuwa na mtu wa kumkimbia. Alisema anaukumbuka, ule mwendo wa kuingia migombani.

Kaburi lake liko kule. Elina analipalilia vizuri kuliko mimi, hilo ni kweli. Lakini mimi ndiye ninayeongea naye.

Jumatano, 20 Julai

Prosper amekuja na swali kutoka kwa mkewe. Kuna kiwanja cha juu, cha kaka, kina miparachichi. Kibanda cha vyumba viwili kingekaa. Kina njia yake kutoka barabarani, haipiti uani.

Tusekile amechagua pa kusimamisha mwenyewe: pasiwe pa kuonekana kutoka jikoni kwake, na pasiwe mbali hata chakula kipoe njiani.

Nikamwambia Prosper sijasema nabaki. Akasema sawa baba. Tukaenda kupima. Hashimu na tepu yake ya nguo! Anapima chumba kama kiuno. Tumecheka mpaka goti likauma.

Bi Mwanajuma ana wageni wanne wa wiki ijayo. Wote wanataka njia ya tatu, pamoja na "mwanamke wa migombani". Nimekataa. Yeye si maonyesho. Wakila kwake, Tusekile aamue nani, lini. Ametuma jibu: Ijumaa, watu wasiozidi sita, na Hashimu awahi.

Jumamosi, 23 Julai

Gari la Mbeya linaondoka saa nne. Prosper amefika mapema, kavaa koti la kusindikiza, haniulizi kitu. Sanduku liko wazi kitandani. Nimeweka mashati, nimetoa mashati.

Kutoka kiwanja cha juu wanasema nguzo mbili zimeshachimbiwa. Sikuagiza.

Kweupe leo. Rungwe yote iko nje, haina hata kitambaa cha wingu.

Hashimu anapiga kelele ng'ambo ya barabara: "Mzee Zambia! Elina yuko kwenye simu! Anataka kujua behewa!"

Nakuja, nimesema. Elina anangoja. Atalia, kisha atanigombeza, kisha ataniuliza kuhusu mama yake kule peke yake. Naandika kwanza, ili nikifika kwenye simu neno lisiwe geni mdomoni.

Kitwe sirudi.