Kipimo Chenye Jina la Kozue

Nihonmatsu, Fukushima
9 Novemba 2013

Mpendwa dada Fusae,

Salamu nyingi kutoka nyumbani tulikozaliwa. Hujambo huko Brazili? Mgongo umetulia au bado unakusumbua? Mimi mzima wa kuonekana tu. Goti linalalamika kila baridi inapoingia, nami nalalamika nalo.

Mti wa matunda ya kaki aliopanda baba, yale tuliyokuwa tukiyamenya na kuyaanika kila vuli, umezaa mpaka matawi yameinama. Sikuanika hata tunda moja. Wanakula kunguru, maana kunguru hawaulizi mionzi.

Dada, mkwe wangu Shiori ameondoka na mjukuu wangu Kozue. Wako Hokkaido, kaskazini kabisa, tangu Agosti. Mwanangu Takehiko, mumewe, kabaki hapa na kazi yake.

Nilikuandikia kwamba tangu ajali ya kituo cha nyuklia, watoto wa huku huvaa kipimo shingoni, kinachojumlisha mionzi yote kinachokutana nayo, kisha manispaa hukichukua kukisoma. Shiori alimwonya Kozue asikiachie kamwe, hata usingizini. Basi mwezi wa Mei mtoto akaanguka bembeani, hospitali wakampiga picha ya kichwa kwenye ile mashine kubwa ya mionzi. Muuguzi alisema vya shingoni vyote vivuliwe, na Shiori akasubiri nje.

Majibu ya kipimo yalipokuja, namba ilipita ya watoto wote wa mtaa. Watu wa manispaa wakauliza kama mtoto alipigwa picha nacho. Shiori akasema hapana, kilivuliwa. Akaamini ubaya umo katika nyumba hii na udongo wake, akafungasha.

Mwezi uliopita Kozue akaninong'oneza kwenye simu, "Bibi, kile kipimo nilikificha mkononi kwenye ile mashine. Si mama alisema nisikiachie? Usimwambie, atanigombeza."

Nilicheka huku nalia. Nikamwambia Shiori papo hapo.

"Mama, hayo umemfundisha wewe," akasema. "Umtake mtoto arudi, sawa. Lakini kumfundisha uongo!"

Akamwita Kozue, akamuuliza. Nikasikia ile sauti ndogo: "Hapana, mama. Nilikivua."

Ana miaka sita, aliogopa. Shiori naye simlaumu, ingawa kuna siku natamani kumzaba kibao. Mwaka ule wa ajali wakubwa walituambia mengi, yakageuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka.

Tangu siku hiyo Kozue haji kwenye simu. Nimemchongea, na sikupata kitu.

Juzi manispaa wameleta kipimo kipya chenye jina lake. Nimekivaa mimi, ili namba ya kweli ya nyumba hii isomwe na Shiori aione. Nalala nacho kitandani kwake, napalilia nacho vitunguu.

"Sasa mama, hiyo itamsaidia nani?" Takehiko ananiuliza. "Shiori hata bahasha ya majibu hatafungua."

Najua. Lakini hapa nyumbani jina la mtoto limebaki kwenye kipimo hicho tu.

Nisalimie shemeji Eizo na mwanao Regina. Mungu na wazee waliotutangulia wakupe uzee mwepesi. Ukinijibu, niandikie habari za kahawa na za wajukuu wako, hata utundu wao. Ila usiniulize Kozue anarudi lini.

Mdogo wako akupendaye,
Kinue